Mgeni Yuwapi? Leso, ukili na kazi ya kujenga chapa ya Pwani

Walimu wetu, mama zangu mliokuja na kazi zenu za mikono, ndugu wafanyabiashara, na ninyi wanangu mnaomaliza masomo ya ubunifu na ushonaji mwaka huu: salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimealikwa nizungumze juu ya kujenga chapa ya mavazi na mapambo ya nyumba inayotokana na utamaduni wa hapa Pwani. Walionialika waliniomba nigusie mtaji, masoko na matangazo ya mitandaoni, na nitayagusia. Lakini baada ya miaka mingi ya kukata, kushona, kuuza na kurudishiwa bidhaa, nimeamini kwamba yote hayo husimama juu ya jambo moja ambalo darasani halina kipindi chake, nalo ni kuzijua kanuni za kitu kabla ya kukigeuza bidhaa. Leso, ambayo wengine huiita kanga, ina kanuni zake, ukili, yaani ukanda uliosukwa kwa majani ya mkindu, una kanuni zake, na kanuni hizo wanazo watu walio hai, wenye majina na wenye simu mikononi. Anayechukua sura ya kitu akaziacha kanuni zake huuza ganda. Mimi niliwahi kuuza ganda, na ndiyo maana nitaanza na siku ile.

Nilikuwa nimepata oda yangu kubwa ya kwanza, mito ya makochi kwa nyumba moja ya wageni katika Mji wa Kale hapa Mombasa. Nilikwenda Mtaa wa Biashara nikachagua leso yenye mji, yaani sehemu ya katikati, wa rangi ya machungwa na michoro ya korosho pembeni, na jina lake, yaani maandishi yake, lilisema MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nilifurahi, kwa kuwa niliona jina limepata nyumba yake. Nikakata kielelezo cha katoni, sentimita 45 kwa 45, nikakipanga juu ya kitambaa kwa kufuata ua, maana machoni pangu ua ndilo lililokuwa uzuri wa leso ile, nayo maandishi yakaangukia palipoangukia. Mito 24 ikashonwa, ikapigwa pasi, ikapangwa juu ya meza ikisubiri kupelekwa.

Jioni ile shangazi yangu alipita kunijulia hali. Macho yake yalikuwa yameanza kupoteza nguvu, lakini leso aliisoma kama alivyoisoma maisha yake yote. Aliuchukua mto wa juu, akapitisha kidole juu ya herufi moja moja, akasoma kwa sauti ya chini, "Mwenyeji apone." Akaugeuza nyuma akitafuta maneno mengine, hakuyaona. Akachukua wa pili, kisha wa tatu. Ndipo aliponiuliza, "Mwanangu, mgeni yuwapi?"

Mgeni alikuwa ndani ya gunia la vipande, chini ya cherehani. Niliyakuta maneno MGENI NJOO yamekatwakatwa, mengine katikati ya herufi. Shangazi hakunikaripia, na ninakumbuka zaidi ukimya wake kuliko alivyosema baadaye. Alinieleza tu kwamba methali ile inamsifu mgeni, kwamba ujio wake ndio unaomletea mwenyeji nafuu, na kwamba mgeni akiondolewa, maneno yanayobaki ni dua ya kumwombea mgonjwa. Nilikuwa nakwenda kuijaza nyumba ya wageni maneno yanayosema kwamba mwenye nyumba anaumwa. Ile mito niliifumua yote isipokuwa mmoja. Oda ilichelewa, mteja alinikata sehemu ya malipo kwa kuchelewa, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Tangu siku hiyo, mtu yeyote anayejiunga na karakana yangu hafundishwi kukata kabla hajaweza kunionyesha sehemu tatu za leso na kunieleza kazi ya kila moja. Pindo ni ule ukingo mpana unaoizunguka leso pande zote nne, na hilo ndilo linalokaa usoni, kiunoni na miguuni mwanamke anapojifunga, kwa hivyo mchoraji hulichora akijua litaonekana likiwa limekunjwa. Mji ni sehemu ya katikati, wenye ua kubwa au mchoro mmoja unaojirudia. Jina ni yale maandishi yaliyo chini ya mji, ndani ya kisanduku chake, na jina ndilo linalotofautisha leso mbili zenye rangi na ua moja. Mwanamke wa Pwani anaweza kuiacha leso nzuri kwa sababu jina lake halimfai, akainunua ya rangi asiyoipenda kwa sababu jina limesema alilokuwa nalo moyoni. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kumwambia jirani, mkwe au mume, ila anaweza kuyavaa na kupita nayo mlangoni.

Tena leso huuzwa jozi, haijakatwa, vipande viwili vikiwa vimeshikana. Pale Mtaa wa Biashara utawakuta mafundi na cherehani zao barazani; unanunua, unawapa, wanakukatia na kukupindia papo hapo huku ukingoja. Kipande kimoja hufungwa kiunoni, cha pili hutandwa kichwani na mabegani, au marafiki wawili hugawana jozi, kila mmoja akajua mwenzake yuko wapi. Ninawaeleza haya kwa urefu kwa sababu humo ndimo biashara yangu ilimozaliwa. Bidhaa iliyotupatia wateja wengi kuliko zote hadi leo ni jozi ya mito inayouzwa pamoja, mmoja una mwanzo wa jina na wa pili una mwisho wake, na maneno hayakamiliki mpaka iwekwe ubavu kwa ubavu. Hatukuibuni sisi. Ilikuwa ndani ya leso siku zote, ila nilikuwa nimeikata bila kuitazama.

Sasa niseme neno kuhusu asili ya leso, kwa sababu vijana wengi hunijia wakiwa na hofu. Wengine wamesikia kwamba leso ilitoka nje na kwa hivyo si yetu, wengine wanadhani kuwa kitu kikiwa chetu basi hakipaswi kuguswa. Historia inawajibu wote wawili.

Neno leso linatokana na Kireno, ambamo lina maana ya kitambaa cha mkono. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vya rangi kabla havijatenganishwa, wanachukua sita, wanavikata safu mbili za vitatu vitatu, kisha wanazishona safu hizo pamoja hadi inapatikana nguo moja pana. Hawakuagizwa na mfanyabiashara yeyote, bali waliipenda nguo kubwa zaidi, wakaitengeneza. Wafanyabiashara ndio waliowafuata nyuma, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa ikiwa nzima tayari. Wenzetu wa Unguja na bara wakaiita kanga, na inasemwa kwamba jina hilo lilitokana na vidoadoa vya mwanzo vilivyofanana na manyoya ya ndege huyo. Kabla ya hapo watu wengi, hasa watumwa, walivaa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem huko Massachusetts, biashara iliyonoga kiasi kwamba Marekani iliweka balozi wake mdogo Unguja mwaka 1837, au walivaa kaniki, ambayo ni hiyo hiyo pamba iliyotiwa rangi ya buluu iliyokoza. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki na kujitanda kanga, ili watazamwe kwa macho mengine. Kwa hivyo mnaposhika leso, mmeshika nguo ambayo bibi zetu waliitumia kutamka kwamba wao ni watu huru, na naomba jambo hilo lisiwatoke akilini wakati mnatafuta kitambaa cha bitana.

Hapa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na duka la familia yake lingalipo Mtaa wa Biashara. Yeye ndiye anayetajwa kuanzisha uchapaji wa maneno kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi, na leso zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Alama hiyo ni chapa, na imedumu zaidi ya miaka mia moja. Nawaomba wanafunzi wa biashara mwitazame kwa makini. Nguo zenyewe kwa miongo mingi zilichapwa mbali, Uholanzi, Uingereza, India na Japani, na viwanda vya Afrika Mashariki vilikuja baadaye sana, kwa mfano kile cha Urafiki jijini Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Kilichoifanya nguo ile iwe ya Pwani, ingawa mashine ilikuwa ng'ambo, ni kwamba wanunuzi walikuwa na mamlaka juu yake. Wanawake waliikataa michoro wasiyoipenda, ikalala dukani, na mfanyabiashara aliyetaka kula alilazimika kuwasikiliza ni ua gani, ni rangi gani, ni neno gani linalosemwa mtaani wiki hii.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali la uasili. Kitu ni cha watu pale watu wenyewe wanapokuwa na kauli ya mwisho juu yake. Ninaweza kubuni leso mpya, kuibadilisha rangi, kuitia kwenye koti, kwenye taa ya mezani au kwenye kiti, mradi wenye leso bado wanaweza kuniambia hapana, nami nikawasikiliza. Karakanani kwangu "hapana" hiyo ina meza yake. Kila mchoro mpya hupelekwa kwa wanawake wanne wa mtaani kwetu, ambao hulipwa kwa muda wao kama nimlipavyo mpiga picha, nao wamenizuia mara nyingi. Mteja mmoja alitaka mazulia ya miguuni yenye mchoro wa kisutu, ule wa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambao bibi harusi hupewa. Wanawake wale walisema kisutu hakikanyagwi, wala hawakuona haja ya kuongeza neno. Mteja yule nilimpoteza. Mwaka uliofuata binti wa mmoja wa wanawake wale alipoolewa, vitambaa vyote vya shughuli vilitoka kwetu, na harusi ile ilituletea nyingine sita.

Nigeukie ukili, kwa sababu katika ukili nilijifunza jambo la pili, la bei, na hili lilinichukua muda mrefu zaidi kulikubali.

Tulipoanza kutengeneza mikoba nilikuwa nikinunua ukili tayari, umeviringishwa kama tepe, kutoka kwa kina mama wa kijiji kimoja cha pwani ya kusini. Sikuwahi kuuliza unatoka wapi. Siku moja gari liliharibika nikalala kule, na asubuhi nikaamka nikakuta kazi imeanza kabla ya jua. Makuti machanga ya mkindu yalikuwa yamekatwa siku nyingi nyuma, yakaanikwa mpaka yakawa meupe. Mama mwenyeji wangu alikuwa ameketi jamvini, anachana ukindu kwa ukucha wa kidole gumba, chane moja moja, zote za upana mmoja, bila kipimo chochote. Zile za rangi zilikuwa zimechemshwa kwenye sufuria jana yake. Beseni la maji lilikuwa ubavuni pake, naye kila baada ya muda alilowesha vidole na kuvipitisha kwenye chane, kwa sababu ukindu mkavu hukatika, na ndiyo sababu kazi huanza alfajiri, hewa ikiwa bado ina unyevunyevu, na husimama upepo wa mchana unapoanza kukausha. Mikono yake ilisuka huku akizungumza nami na kumtuma mjukuu dukani. Sikuona hata mara moja akitazama chini, isipokuwa alipokosea. Alihisi kosa kwa kidole, akafumua misuko mitano, akaendelea.

Nilibaki kule siku tatu, na nilikuwa na saa mkononi. Kwa mkoba mmoja wa kadiri, kuchana, kutia rangi, kusuka na kushona kili pamoja kulichukua saa 19, bila kuhesabu kukata na kuanika makuti. Nilikuwa nikilipa shilingi 400. Gawanyeni wenyewe: haifiki shilingi 22 kwa saa. Nami nilikuwa nikiandika kwenye vikaratasi vya bidhaa zangu kwamba tunainua wanawake wa Pwani.

Niliporudi mjini nilibadilisha namna ya kupanga bei. Zamani nilianza dukani: mteja atakubali kulipa ngapi, duka litachukua ngapi, mimi nibakiwe na ngapi, na kilichosalia ndicho cha msusi. Siku hizi naanzia kwenye beseni. Tunakubaliana kwanza malipo ya saa na kina mama wenyewe, tunazidisha kwa saa za kazi, tunaongeza ngozi, bitana, zipu, usafiri, kodi ya karakana na mishahara, kisha faida, na namba inayotoka ndiyo bei. Bei hiyo iliruka. Maduka mawili yaliacha kununua kwetu mwezi huo huo. Tulikaa karibu mwaka mzima tukiuza mikoba michache, na kama nisingekuwa na mito ya leso ingenibidi nifunge. Nawaambia haya wazi kwa sababu mtawasikia watu wakisema kwamba biashara ya haki hujilipa yenyewe upesi. Hailipi upesi. Inahitaji bidhaa nyingine ya kukushika mkono, na inahitaji umweleze mnunuzi saa 19 ni kitu gani, kwa picha na kwa maneno, bila kuchoka, mpaka apatikane yule anayetaka mkoba utakaoishi miaka kumi.

Malipo nayo yana adabu yake. Mwanzoni nilimlipa mtu mmoja aliyejitolea kuwagawia wenzake, na pesa zilikuwa zikipungua njiani. Sasa kila msusi hulipwa kwenye simu yake mwenyewe kwa M-Pesa, siku kazi inapopokelewa, hata kama duka litatulipa sisi baada ya miezi mitatu. Pengo hilo la miezi mitatu ndilo mtaji ninaoombwa kila siku kuuzungumzia. Wengi wenu mnatafuta mtaji wa kununua mashine, na ninawasihi mtafute kwanza mtaji wa kusubiri. Msikubali kuacha kazi za watu dukani kwa mali kauli ikiwa mikono iliyozitengeneza bado haijalipwa.

Na kuna suala la jina la mtengenezaji. Nilidhani nimefanya jambo jema nilipochapisha vikaratasi vyenye nafasi ya jina la msusi ndani ya kila mkoba. Mama yule yule wa beseni alikirudisha kikaratasi chake. Alisema ukili ni wake, lakini ukindu ameukata mwanawe, rangi ametia jirani, na aliyeshona ni mwingine, kwa hivyo akiweka jina lake peke yake atakuwa amewaibia. Akataka liandikwe jina la kijiji. Nilishauriana na wengine, na hawakukubaliana; vijana walitaka majina yao, wazee walitaka la kijiji. Mpaka leo tunaandika yote mawili kwa anayetaka, na la kijiji peke yake kwa asiyetaka.

Niingie kwenye sheria, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu mwanasheria atazungumza baada yangu. Jina la chapa yako na alama yake visajili mapema katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Usajili wa alama ya biashara hudumu miaka 10 na huhuishwa tena na tena. Chagueni madaraja ya bidhaa kwa makini kati ya yale 45 ya kimataifa: nguo za kuvaa ziko daraja la 25, vitambaa na matandiko la 24, mito ya makochi la 20, mikoba la 18. Mtu akisajili jina kwa nguo tu, kisha akaanza kuuza mito, asishangae kukuta usajili wake hauilindi mito hiyo. Umbo la bidhaa ulilobuni mwenyewe linaweza kusajiliwa kwa miaka 5, likahuishwa mara mbili hadi kufikia 15, lakini lazima liwe jipya, kwa hivyo fanyeni haraka kulipeleka kabla ya kulitangaza mtandaoni.

Ila kuna mstari ambao sitaki mwuvuke. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara nchini humo. Kama ombi lile lingepita, mfumaji wa kikoi wa Kenya angeweza kuzuiwa kukiuza kule kwa jina alilorithi. Watu wa hapa na marafiki zao wa kule walipinga, na mwaka 2008 kampuni ile ikaliacha ombi lake. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini nimekwisha kuona vijana wa hapa hapa, wenye nia njema, wakitaka kusajili majina ya leso, methali za kale, na michoro iliyokuwepo kabla ya bibi zao kuzaliwa. Wema hauozi si mali ya mtu. Kisutu si mali ya karakana. Sajilini mlichokiongeza, na mliyoyakuta muyaache mahali ambapo kila mtu anayafikia. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni, na Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010 inazungumzia jambo hilo hilo kwa nchi kadhaa za Afrika. Zisomeni, kwani zinatambua kwamba jamii nzima inaweza kuwa na haki, na kwamba anayenufaika na maarifa yake anapaswa kuomba ridhaa na kugawana manufaa.

Kuhusu malighafi nina neno dogo tu. Sokoni kuna leso nyingi za poliesta, rangi zake zinawaka na bei yake inavutia, lakini hazinyonyi jasho na zinateleza kiunoni. Mwanamke aliyejifunga leso ya pamba anaitambua kwa kuigusa tu. Nunueni pamba. Leso mpya huwa ngumu kwa wanga iliyotiwa kiwandani, kwa hivyo ifueni, muikaushe na kuipiga pasi kabla ya kukata chochote, maana itajikunja na nyingine zitachuja. Niliwahi kushona magauni kumi bila kufua kwanza na yote yakarudi.

Matangazo ya mitandaoni nayo yanafanya kazi, sikatai. Picha nzuri, iliyopigwa kwa mwanga wa asubuhi, imetuuzia zaidi ya maonyesho yote tuliyohudhuria. Ninachowaomba ni kuwa mama mwenye mikunjo usoni asiwekwe kwenye picha kama pambo la mkoba. Mwombeni ruhusa, mwonyesheni picha kabla haijatoka, mwandike anafanya nini na anaitwa nani ikiwa ameridhia. Mama yule alipoona picha yake ya kwanza kwenye simu yangu alisema mikono imetoka vizuri lakini ukili umepigwa upande wa nyuma, na hakuna msusi anayeonyesha upande wa nyuma. Tukapiga upya.

Shangazi yangu ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ule mto wa kwanza aliousoma ndio ambao sikuufumua. Uko pale mezani kwenye banda la mwisho, umeandikwa MWENYEJI APONE, na kando yake nimeweka kipande kile kingine nilichokitoa guniani na kukishona pamoja, ingawa herufi ya kwanza haikupatikana. Kwenye banda hilo hilo wameketi kina mama watatu kutoka kijijini, ambao wamefika tangu alfajiri. Beseni lina maji, ukindu umelowa, na nafasi za kukaa jamvini zipo kama nane. Watakaa mpaka adhuhuri. Nimewalipa saa zao za leo, kwa hivyo msiogope kuwachukulia muda. Kaeni, ombeni wawafundishe kuchana, na mkikata ukindu wao kwa kutolowesha vidole, semeni samahani mwanze upya.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.